Maswali na Majibu: Kabla hujaugusa mfumo, njia ya kurudi unaijua?

Barua za mwezi huu karibu zote zina kisa kimoja: mfumo ulikuwa unakwenda, mtu akaubadilisha, ukagoma. Tumechagua saba. Majina ya ofisi tumeyaacha.

Tuko watatu tu, kamati ya nini?

*Ndugu Mhariri, chama chetu cha akiba na mikopo kina watumishi watatu wa TEHAMA. Mkaguzi wa nje ameandika kwamba hatuna utaratibu wa kusimamia mabadiliko ya mifumo na anataka tuunde kamati. Watatu tuunde kamati ya nani? Tukikaa kikao kwa kila jambo, kazi tutafanya lini? – Msimamizi wa mifumo, Moshi*

Kamati si lazima. Mkaguzi anataka kuona mambo mawili: aliyefanya badiliko siye aliyeliidhinisha, na kila badiliko limeacha maandishi. Mkiwa watatu hayo yanawezekana bila kikao cha saa nzima.

Gawanyeni kazi zenu mafungu matatu, kama wanavyofanya wanaofuata ITIL, mwongozo wa kuendesha huduma za TEHAMA. La kwanza ni la mambo yaliyozoeleka: kumfungulia mtumishi mpya akaunti, kubadilisha printa, kuongeza nafasi ya diski. Haya huidhinishwa mara moja tu yakiwa utaratibu ulioandikwa, kisha kila yanapofanyika mnaandika mstari mmoja kwenye daftari. La pili ni la chochote kinachogusa fedha za wanachama, mtandao, au seva inayotumiwa na idara zaidi ya moja. Hapo ni fomu na saini. La tatu ni dharura: mfumo umelala, mnautibu kwanza kwa idhini ya simu. Ujumbe wa WhatsApp wa meneja unatosha, mradi picha yake iambatishwe, na fomu ijazwe kabla ya saa 24 kupita. Hesabuni dharura zenu kila mwezi. Zikizidi robo ya mabadiliko yote, huenda kuna mtu anayepitia mlango wa dharura ili kukwepa foleni.

Fomu isizidi ukurasa mmoja. Hii hapa imejazwa kwa mfano:

Namba: MB-014
Kinachobadilika: riba ya mkopo wa dharura, kutoka asilimia 1.5 hadi 1.25 kwa mwezi, mikopo mipya tu
Sababu: azimio la bodi (nakala imeambatishwa)
Watakaoguswa: madirisha mawili ya keshia, wanachama wanaokopa kwa simu
Muda: Jumamosi, 20:00 hadi 21:00
Kipimo: mkopo wa majaribio wa shilingi 100,000, miezi 6, riba ya mwezi wa kwanza isomeke 1,250. Fungua mkopo mmoja wa zamani. Riba yake isiguswe
Kurudi: rudisha 1.5, futa mkopo wa majaribio, dakika 5
Mwisho wa kuamua: 20:40
Anayefanya, anayeidhinisha, aliyekagua matokeo: majina matatu na saini

Mistari ambayo watu huipuuza ni kipimo na kurudi. Kwenye kipimo huandikwa "kuhakikisha mfumo unafanya kazi". Hicho si kipimo, ni dua. Kipimo kina namba ambayo mtu mwingine akiisoma atasema ndiyo au hapana. Kwenye kurudi huandikwa "kurejesha bakapu". Bakapu ya lini, iko diski gani, inarejea kwa dakika ngapi, na nani amewahi kuijaribu?

Saini ya idhini iwe ya mwenye kazi, hapa meneja wa mikopo, kwa sababu riba ni yake. Mwenzenu mmoja wa TEHAMA apitie hatua za kiufundi. Kikao ni dakika 20 kila Jumatano, mkisoma fomu za wiki inayofuata na kutazama kama kuna mbili zinazogusa seva moja usiku mmoja.

Hifadhidata ya hospitali

*Hospitali yetu inatumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wenye hifadhidata ya MySQL (programu ya kutunza data) toleo la 5.7, ukubwa wa GB 38. Mtoa huduma anataka kutuhamishia 8.0 na anasema ni kazi ya saa moja. Sina imani naye lakini sijui nimuulize nini. – Ofisa TEHAMA, Mbeya*

Saa moja inatosha mambo yakienda sawa. Fomu yenu iandikieni ule usiku ambao hayataenda.

Sababu ya kuhama ipo: msaada wa 5.7 ulikwisha Oktoba 2023. Ila muulize mapema kwa nini aishie 8.0, ambayo muda wake wa msaada ulipangwa kukoma Aprili 2026. Mpango mzuri unafika toleo la 8.4, na njia ya kwenda huko inapita 8.0, huwezi kuruka kutoka 5.7 moja kwa moja.

Kisha muulize: "Ikishindikana, tunarudije?" Akijibu kwamba atasakinisha tena 5.7, msimamishe hapo hapo. MySQL 8.0 ikishawaka juu ya folda ya data, inaiandika upya kamusi yake ya ndani, na 5.7 haitaifungua tena folda hiyo. Njia ya kurudi ni nakala iliyochukuliwa kabla, hakuna nyingine.

Yanayovunjika katika kuhama huku yanajulikana. Faili la mipangilio likiwa bado na mstari wa query_cache_size, au sql_mode yenye NO_AUTO_CREATE_USER, seva haiwaki kabisa. Hilo walau unaliona papo hapo. Jedwali likiwa na safu iitwayo rank, groups au system, maswali, yaani amri za kuomba data, yanayoitaja bila alama za kunukuu yatakataliwa, kwa kuwa maneno hayo sasa ni ya MySQL yenyewe. Akaunti mpya zinatumia njia mpya ya kuhakiki nenosiri, caching_sha2_password, ambayo programu za zamani zilizoandikwa kwa lugha ya PHP haziijui, na 8.4 imeizima ile ya zamani mpaka uiwashe mwenyewe.

Baya kuliko yote ni lile lisilotoa ujumbe wa kosa. Zamani swali lenye GROUP BY, yaani la kukusanya mistari kwa makundi, lilirudisha majibu yakiwa yamepangwa, 8.0 haipangi tena mpaka uandike ORDER BY. Ripoti ya dawa itatoka, jumla zitakuwa sahihi, lakini mistari imechanganyika, na mfamasia aliyezoea kusoma kumi za juu atasoma kumi zisizo zake.

Kazi yenyewe ianze wiki mbili kabla. Chukua nakala, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, na upime kwa saa. Ukitumia mysqldump, zana ya MySQL ya kutoa nakala, weka --single-transaction ili usiyafunge majedwali ya InnoDB, na usisahau --routines na --events. Bila hizo, taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata hazimo kwenye nakala, na wengi hulijua hilo siku ya kurejesha. Kwenye kompyuta hiyo ya majaribio endesha kikaguzi cha MySQL Shell, util.checkForServerUpgrade(), urekebishe kinachotajwa, kisha ihamishe. Halafu mwite mhudumu wa mapokezi, muuguzi, mtu wa maabara na keshia. Wao ndio wabonyeze: kusajili mgonjwa, kuomba kipimo, kutoa dawa, kufunga bili, kutoa ripoti ya mwezi. Fundi hubonyeza anavyojua panafanya kazi.

Usiku wa kazi, zima kwanza programu zote zinazoandika kwenye hifadhidata, pamoja na zile skripti za usiku ambazo kila mtu amezisahau. Weka innodb_fast_shutdown kuwa 0, zima MySQL, nakili folda nzima ya data kwenye diski nyingine, linganisha ukubwa na idadi ya mafaili. Ndipo uhamishe.

Sasa hesabu ya saa ya kukata shauri. Tuseme dirisha lenu, yaani muda mliopewa wa kufanya kazi, ni 22:00 hadi 04:00. Kwenye majaribio kurudisha folda kulichukua dakika 40, kuwasha na kukagua 30. Jumla 70, ongeza nusu yake kwa ajili ya usingizi na makosa, ni dakika 105. Toa kwenye 04:00 unapata 02:15. Ikifika 02:15 na vipimo havijapita vyote, mnarudi, hata fundi aape kwamba zimebaki dakika kumi. Anayetoa amri hiyo asiwe yule aliyeshika kibodi.

Kuna mpaka mwingine ambao wengi hawauandiki. Mgonjwa wa kwanza akishasajiliwa kwenye mfumo mpya, nakala yenu imepitwa. Kurudi baada ya hapo ni kupoteza rekodi au kuziingiza upya kwa mkono. Wodi ya dharura haifungwi usiku, kwa hiyo fomu za karatasi zenye namba za mfululizo ziwe tayari za kutosha saa sita, na mtu atajwe jina atakayeziingiza asubuhi.

Hatua za kurudi nazo zijaribiwe kama mnavyojaribu za kwenda. Juni 2012 kundi la benki la RBS, pamoja na NatWest na Ulster Bank, lilisasisha programu inayopanga foleni ya kazi za usiku. Matatizo yalipoonekana, wakaiondoa bila kujaribu kwanza kuiondoa kunaleta nini. Toleo la awali halikupatana na lile jipya, na foleni ikavurugika. Wateja zaidi ya milioni 6.5 waliguswa, na Novemba 2014 wasimamizi wa Uingereza waliwatoza faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Saa mbili ipi?

*Tuliwatangazia wafanyakazi na kampuni ya nje kwamba mfumo utazimwa "Jumamosi saa 2 usiku". Sisi tulisubiri, wao hawakuonekana. Walikuja kuzima wakati ghala linapakia magari. – Dar es Salaam*

Ninyi mlimaanisha 20:00. Wao walisoma 2 wakaelewa 02:00, yaani saa nane usiku. Hakuna mjinga hapo, ila kalenda mbili na saa mbili kwenye sentensi moja. Na tuseme wangekuwa wenyeji wa pwani: kwa wazee wengi wa huko siku inaanza magharibi, hivyo usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi.

Kwenye fomu andikeni tarehe, saa kwa mtindo wa saa 24, na eneo la saa: "Jumamosi tarehe 14, 20:00 EAT, sawa na 17:00 UTC". EAT ni saa za Afrika Mashariki, UTC ni saa ya kimataifa. Kwenye tangazo la wafanyakazi ongezeni "saa mbili usiku, baada ya ghala kufungwa". Kazi inayovuka usiku wa manane ipewe tarehe zote mbili.

Kisha kagueni seva yenyewe kwa amri ya timedatectl. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, kwa hiyo skripti iliyopangwa 20:00 itaamka 23:00 kwa saa zetu. Na kama fundi wenu yuko Uingereza, kumbukeni wenzetu wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sisi hatusogezi, hivyo miadi ya kila wiki itahama kwa saa moja bila mtu kuigusa.

Nimejifungia nje

*Nasimamia ruta za matawi kumi na moja nikiwa makao makuu. Nilibadilisha kanuni za faiwoli (ukuta wa kuchuja mawasiliano) kwenye ruta ya tawi la mbali, mawasiliano yakakatika, ikabidi mtu apande basi siku nzima. Kuna namna? – Mtaalamu wa mtandao, Tabora*

Ipo, na imo ndani ya ruta yako tayari.

Kama ruta yako ni ya MikroTik, kabla ya kugusa lolote bonyeza Ctrl+X kwenye terminali, au kitufe cha Safe Mode kwenye WinBox, programu ya kuisimamia ruta hiyo. Utaona neno SAFE. Kuanzia hapo, mawasiliano yakikatika kabla hujatoka kwenye hali hiyo, ruta inayafuta mabadiliko yote na kurudi ilipokuwa. Haifanyi hivyo papo hapo; inasubiri mpaka itambue kwamba umepotea, kama dakika tisa, kwa hiyo usimpigie mtu wa tawi dakika ya pili ukimwambia achomoe waya. Ukiridhika, Ctrl+X tena huyahifadhi. Ctrl+D huyatupa. Tahadhari: historia yake inashika vitendo visivyozidi 100. Ukibandika skripti ndefu, ruta inatoka yenyewe kwenye hali hiyo na hakuna kitakachorudishwa. Fanya vipande vifupi.

Kwenye ruta za Cisco tumia amri ya reload in 15 kabla ya kuanza. Huenda ikakuuliza kama uhifadhi mipangilio. Wakati huo jibu no. Ukijifungia nje, baada ya dakika 15 ruta inawaka upya na mipangilio ya zamani. Mambo yakiwa sawa, reload cancel, halafu write memory. Kosa la kawaida ni kuandika write memory mapema kwa mazoea ya vidole, ruta ikawaka upya ikiwa na lile lile kosa. Kwenye ruta za Juniper, commit confirmed 10 inafanya kazi hiyo kwa ustaarabu zaidi: usipothibitisha ndani ya dakika kumi, inarudi yenyewe bila kuzima.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Ongeza kwanza kanuni inayokuruhusu wewe kuingia, iweke juu kabisa, fungua dirisha la pili uingie upya kwa kanuni hiyo, ndipo uguse zile za kuzuia. Dirisha la kwanza lisikudanganye: mawasiliano yaliyokwisha kufunguliwa mara nyingi yanaendelea kuruhusiwa hata kama mapya yanazuiwa.

Na kila tawi liwe na laini ya simu ya akiba kwenye ruta, karatasi iliyobandikwa inayoonyesha waya upi ni upi, na namba ya mlinzi mwenye ufunguo wa chumba. Namba hiyo ipigwe kabla ya kazi, si baada.

Kodi imebadilika kwa notisi ya wiki moja

*Tunauza programu ya mauzo kwa maduka. VAT iliposhuka 2020 tulikesha siku tatu, na ilipopanda tukakesha tena, na bado marejesho yalikuwa na makosa. Tutajipangaje ikija nyingine? – Nakuru*

Kwa wasiokumbuka: punguzo lilitangazwa Kenya 25 Machi 2020, likaanza 1 Aprili, kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16.

Mlikesha kwa sababu kiwango kilikuwa ndani ya msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Tafuteni katika msimbo wote 0.16, 1.16, 16/116, na msisahau violezo vya risiti, mafaili ya Excel ya wahasibu, na programu ya simu ambayo mteja hajaisasisha. Kiwango kihamie kwenye jedwali lenye safu nne: kundi la bidhaa, asilimia, kuanzia, mpaka. Halafu kila mstari wa ankara uhifadhi asilimia uliyotumia siku ile, usiwe unaikokotoa upya kila unapofunguliwa.

Makosa yenu ya marejesho yanatoka hapo. Tuchukue bidhaa iliyouzwa Desemba 2020 kwa 1,140, ndani yake VAT ni 140. Mteja anairudisha Januari. Mfumo unaokokotoa upya kwa 16 unaona ndani ya 1,140 kuna VAT ya 157.24. Mteja anapata 1,140 yake na hajui lolote, lakini hesabu yenu ya kodi imepotoka kwa 17.24 kwa kila bidhaa ya namna hiyo. Keshia hataliona. Mkaguzi ataliona.

Mkishakuwa na jedwali, toleo jipya la programu liwekwe siku za kazi za kawaida, na mstari wa kiwango kipya uingizwe mapema ukiwa na tarehe ya mbele. Usiku wenyewe hakuna anayegusa kitu. Majaribio: sogeza saa ya kompyuta ya majaribio hadi 31 Desemba 23:58, fungua mauzo, yaache wazi, yafunge 00:02. Amueni na mhasibu mapema oda hiyo inatozwa kipi. Jaribuni pia oda iliyolipiwa nusu, na risiti iliyokwama kwenye kifaa kisicho na intaneti ikaja kutumwa kesho yake.

Wengine inawakubali, wengine inawakataa

*Tumeweka toleo jipya la mfumo wa malipo. Mteja mmoja anaona ukurasa mpya, mwingine wa zamani, na baadhi ya malipo yanakataliwa. Tuna seva nne, na kifaa kimoja mbele kinachowagawa wateja. – Mombasa*

Tungeanza na seva ambayo toleo jipya halikufika. Ingia kila moja, moja moja, soma namba ya toleo. Usitegemee kwamba skripti ilisema "imekamilika". Skripti iliyoshindwa kuunganika na seva ya tatu na kuendelea na ya nne husema hivyo pia. Ukiipata, itoe kwanza kwenye mgao wa wateja, ndipo uitengeneze.

Kisa cha kutisha cha aina hii ni cha Knight Capital ya Marekani, 1 Agosti 2012. Msimbo mpya wa kununua na kuuza hisa ulitakiwa kufika seva nane, ukafika saba. Mpya ulitumia upya swichi ya ndani ambayo zamani iliwasha programu iliyoachwa kutumika tangu 2003, na ile seva ya nane bado ilikuwa nayo. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ilimwaga oda bila kukoma. Katika kuhangaika waliuondoa msimbo mpya kwenye zile saba zilizokuwa sawa, na tatizo likakua. Dakika 45, hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Kabla soko halijafunguliwa mifumo yao yenyewe ilikuwa imetuma baruapepe 97 zikitaja jina la ile programu ya zamani, lakini hazikutengenezwa kuwa kengele ya hatari na hazikushughulikiwa.

Uchunguzi uligundua kwamba hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua kilichowekwa. Kwenu fanyeni hivi: toleo liende seva moja, dakika 30 mkitazama kiwango cha malipo yanayokataliwa, ndipo nyingine tatu. Kisha mtu ambaye hakuliweka asome namba ya toleo kwenye zote nne na kuziandika kwenye fomu. Msimbo uliokufa uondolewe. Na jina la swichi ya zamani lisitumike tena kwa kazi nyingine.

Masasisho ya Windows siku ile ile?

*Mkurugenzi anataka kompyuta zote 160 zisasishwe siku masasisho yanapotoka. Mimi naogopa. – Dodoma*

Mkurugenzi ana haki ya kuogopa wadukuzi, wewe una haki ya kuogopa masasisho. Gawa kompyuta. Microsoft hutoa masasisho ya mwezi Jumanne ya pili, ambayo kwetu hufika saa mbili au saa tatu usiku. Jumatano ziende kompyuta 8, moja kutoka kila idara, ikiwemo ile yenye printa ya ajabu na ile ya mhasibu yenye programu ya zamani. Ijumaa usiziguse nyingine. Jumatatu ziende 40, Alhamisi zilizobaki. Kasoro inayotajwa kwamba tayari inatumiwa na wadukuzi inapita kama dharura: asubuhi 8, jioni zote.

Programu za ulinzi zina njia yake ya masasisho, nayo ukaiulizie. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi, ilituma faili moja lenye kasoro saa 04:09 UTC, kwetu saa moja na dakika tisa asubuhi. Waliliondoa baada ya dakika 78, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka. Mashirika yaliyochelewesha toleo la programu yenyewe hayakunusurika, kwa sababu faili hilo lilipita njia nyingine, ya data za kila siku, ambayo haikuwa na mafungu.

Wengi waliochelewa kupona walikwama kwenye jambo dogo: diski zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, na funguo za kuzifungua zimehifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imeanguka. Chapisha funguo za seva zako na za kompyuta zile 8, ziweke kwenye bahasha, bahasha kwenye kasha la mhasibu.